Kazi ya mwanafunzi iliyo mfukoni mwa kila Mganda

Makerere ikisifiwa, hutajwa Nyerere, Mkapa na Kibaki waliopitia madarasa yake, kisha madaktari, kisha waandishi. Wachoraji na wachongaji huja mwisho, kama wakitajwa kabisa. Mwaka 2028 itatimia miaka 90 tangu wanafunzi wa Margaret Trowell waonyeshe kazi zao kwa mara ya kwanza huko Namirembe, Kampala. Kabla sherehe haijaandaliwa, au haijasahaulika, inafaa jambo moja lisemwe waziwazi. Sehemu kubwa ya sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki haikuanzia kwa bingwa mmoja mwenye kipaji cha kuzaliwa, wala kwenye vibanda vya vinyago vya watalii. Ilianzia kwenye maonyesho ya wanafunzi, yale yale ambayo leo tunayapita kama karatasi za mtihani zilizobandikwa ukutani.

Historia yenyewe ni fupi kueleza. Trowell, aliyesomea uchoraji katika shule ya Slade jijini London, alifika Kenya mwaka 1929 akifuatana na mumewe, daktari wa serikali. Waliishi Ukambani, nchi ya wachongaji, na mwaka 1935 wakahamia Kampala. Mwaka 1937 akaanza kufundisha wanafunzi wachache barazani kwake. Mwaka uliofuata yakaja maonyesho ya Namirembe, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi zikaonyeshwa London, katika taasisi ya Imperial Institute. Mwendo huo wa haraka ulikuwa na sababu. Wazungu wengi wa enzi hizo walikubali kwamba Mwafrika ana ufundi wa mikono, ila walikana kwamba ana sanaa. Trowell hakuwa na cheo cha kuwashinda kwa maneno. Alichokuwa nacho ni ukuta na picha za kutundika, na darasa la barazani likaishia kuwa shule kamili ya Makerere inayoitwa kwa jina lake hadi leo.

Ugomvi mkubwa wa shule hiyo nao ulihusu kile kinachostahili kutundikwa. Trowell alimsimulia mwanafunzi kisa, labda cha shambani, labda cha Injili, kisha akamwacha achore alichokiona akilini. Hakutaka kumlazimisha kanuni za Ulaya za kina na kivuli. Tazama picha za Sam Ntiro, Mchaga wa Tanganyika: watu wadogo wadogo wasio na sura za kutofautisha, wamepangwa kati ya migomba na mashamba, wote wakiwa kazini. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko katika jumba la MoMA, New York. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Todd aliona kwamba kumnyima Mwafrika historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi na kuchora kwa kutazama kitu halisi ni kumfungia chumbani. Wafuasi wa Trowell, Elimo Njau akiwa mstari wa mbele, wakajibu kwamba anayeiga hajaumba kitu. Kila upande ulikuwa na haki yake, na kila upande ulikuwa na mtazamaji wake. Trowell alitaka kumthibitishia mkoloni kwamba Mwafrika ana macho yake mwenyewe. Todd alitaka mhitimu wa Kampala asimame bega kwa bega na wa London. Aliyefaidika ni mwanafunzi, kwa kuwa alilazimika kuchagua.

Wapo watakaosema kazi ya mwanafunzi ni ya kujifunzia tu, haistahili kuhifadhiwa. Ushahidi unawakatalia. Gregory Maloba, Mkenya kutoka Mumias, alichonga sanamu ya mti aliyoiita Mauti akiwa bado kijana wa Trowell, na hadi leo inahesabiwa kati ya kazi za mwanzo za uchongaji wa kisasa katika kanda hii. Njau alikuwa na umri wa miaka 27 tu mwaka 1959, alipochora kuta za kanisa la Murang'a akimweka Kristo Mwafrika katika mandhari ya Kenya. Wengine watauliza kwa nini tumsifu mama wa kikoloni. Swali ni la haki, kwani Trowell alikuwa na hakika mno ya kujua Uafrika ni nini. Lakini tukiyafuta maonyesho yake, wa kwanza kufutika ni Maloba, Ntiro na Njau.

Miongo iliyofuata ilibadilisha vifaa kuliko hoja. Wakati wa Idi Amin rangi za dukani zilipoadimika, wasanii waligeukia vilivyokuwa karibu: magogo, vyuma chakavu, na lubugo, ile nguo ya gome la mutuba ambayo mafundi wa Buganda huigonga kwa nyundo za mti mpaka gome lipanuke na kulainika. Ndiyo maana maonyesho ya wanafunzi wa Makerere yanaweza kuweka ufinyanzi, ufumaji, chapa na lubugo chini ya paa moja bila mtu kushangaa. Kinachoshangaza ni magazeti kuyapa aya mbili, na shule za jirani kutowaleta watoto.

Kupuuza huko hakuna udhuru, maana matunda tunayashika kila siku. Mwaka 1962 Maloba ndiye aliyeijengea Kampala Mnara wa Uhuru: mtu mrefu wa zege, mwili umezungushiwa vitambaa kama aliyekuwa amefungwa, akiinua mtoto juu ya kichwa. Tangu mwaka 2010 mnara huo umechapwa kwenye noti za Uganda. Abiria anapomlipa mwendesha bodaboda shilingi 1,000, anampa mkononi kazi ya mwanafunzi wa zamani wa Trowell, tena Mkenya, na pengine hakuna kati yao anayelijua jina lake.