Qalhat: Mji Haujengwi Mara Moja

Magofu ya Qalhat, karibu na Sur nchini Oman, mara nyingi hutajwa kwa jina la mtu mmoja, Bibi Maryam. Ibn Battuta, msafiri aliyefika huko karne ya 14, alimsifu kwa kuujenga msikiti uliopambwa kwa vigae vya kashani. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi kuueleza mji mzima. Mji uliozungukwa na kuta za ndani na za nje, wenye makaburi nje ya ngome, uliostawi tangu karne ya 11 hadi ya 15 chini ya watawala wa Hormuz, ni kazi ya vizazi vingi.

Atakayepinga atasema kwamba bila fedha ya biashara ya farasi na bidhaa za Bahari ya Hindi, mawe yangebaki milimani. Ni kweli, lakini fedha huanzisha ujenzi, haiukamilishi. Kilwa, kwenye pwani ya Tanzania, inatufundisha hivyo: Msikiti Mkuu wake ulianza karne ya 11, ukapanuliwa sana baadaye, tena kwa matumbawe na chokaa vya pwani ileile. Aliyeongeza safu ya nguzo aliukuta msikiti, hakuuanzisha. Ndiyo maana, baada ya Wareno kuushambulia mji wa Qalhat mwaka 1508, kilichopotea kilikuwa zaidi ya majengo: ulikatika mnyororo wa mafundi. UNESCO iliyatambua magofu hayo mwaka 2018. Tuwatambue na wajenzi wasiotajwa.