Boya la Kabureta na Jina la Kariakoo

Somo letu la leo lahusu kabureta inayovuja petroli. Huenda mtauliza, “Hiyo ni kazi ya fundi, historia imeingiaje?” Subirini, mtaona.

Tuanze na Kariakoo, Dar es Salaam. Waingereza walipouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao walioitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Wapagazi walihitajika kwa kuwa mbung’o waliwaua wanyama wa mizigo, na motokaa zilikwama matopeni. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, wengi kwa maradhi.

Katika motokaa za vita vile zilikuwamo Ford za aina ya T. Tangi lake lilikaa juu kuliko kabureta, petroli ikateremka yenyewe. Ni nini kilichoizuia isifurike? Ni boya. Mjerumani Wilhelm Maybach alikwisha kutengeneza kabureta ya kunyunyizia petroli, yenye boya, mwaka 1893. Petroli ikijaa kikombeni, boya hupanda na kuisukuma sindano izibe njia. Ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka.

Boya la Ford zile lilikuwa la gome jepesi la mti, kama lile la vizibo vya chupa, nalo lilipakwa vanishi. Vanishi ikipasuka, gome lilikunywa petroli, likawa zito, lisipande tena. Petroli ikamwagika hata injini ikiwa imezimwa. Baadaye yalikuja maboya ya shaba, kisha ya plastiki. Lakini ugonjwa ni ule ule: boya lisipopanda, kabureta huvuja.

Basi fundi wa Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, akiletewa leo injini kuukuu au pikipiki inayovuja, asikimbilie kukaza skrubu. Afuate hatua hizi.

Kwanza, azime injini, afunge koki ya tangi, aache ipoe, na moto usiwe karibu.

Pili, afungue kikombe na kukisafisha. Punje moja ya mchanga yatosha kuizuia sindano isikae.

Tatu, atazame ncha ya sindano. Ikiwa imelika, aibadilishe pamoja na kiti chake.

Nne, alitikise boya sikioni. Akisikia petroli ndani, limetoboka. Lile la shaba alitie katika maji ya moto. Mapovu yataonyesha tundu. Asililehemu kabla petroli na mvuke wake havijatoka kabisa, maana mvuke huo hulipuka.

Tone la petroli si jambo dogo mahali penye msongamano. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko la Kariakoo. Chanzo chake si somo letu. Hasara ya wachuuzi twaikumbuka.

Wapagazi wale walibeba mabegani mzigo ulioishinda motokaa. Sisi tuliorithi mtaa wenye jina lao, tuzijue mashine zetu kwa ndani.

Jadilianeni kikundini: Kwa nini Ford ile iliweza kuvuja hata ikiwa imezimwa?