Nani Aifunge Bahari?

Watu wengi wa bara hudhani kwamba bahari haina mipaka. Wakisimama ufukoni Nyali au Diani huona maji matupu mpaka mbingu inapoinama, kisha huuliza: mvuvi akikatazwa kuvua mahali pamoja, ana haja gani ya kupiga kelele? Si aende kwingine? Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, tena na watu waliosoma, na nimeona kwamba halijibiki kwa neno moja. Kulijibu kunataka kwanza tukijue chombo anachopanda mvuvi, kisha tukumbuke yaliyopita katika pwani yetu tangu miaka ya 60.

Tuanze na chombo. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Ndani ya mwamba maji ni matulivu na ya kina kifupi. Nje yake ni bahari kuu. Mvuvi wa mtumbwi hana mashine. Ana gogo la mwembe lililochongwa, ana kafi, na maji yakipwa ana pondo. Mwenye ngalawa ana matengo na tanga, lakini naye hutegemea upepo. Kaskazi ikivuma, bahari hutulia na watu huweza kutoka nje kupitia milango ya mwamba. Kusi ikishika, toka Aprili au Mei mpaka karibu na Septemba, mawimbi hupasuka juu ya mwamba na ile milango huwa ni makaburi. Kwa miezi hiyo bahari ya mtu wa mtumbwi ni kile kishipi cha maji ya ndani tu, na hapo ndipo anapotega malema yake na kushusha mshipi wake. Marehemu mjomba wangu, aliyevua Pwani ya Kusini maisha yake yote, alikuwa akisema kwamba bahari yake inakwisha pale mkono unapochoka. Sijapata kusikia kipimo kilicho sahihi kuliko hicho.

Basi kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Bahari hii haikuwa wazi siku zote, hata kabla ya serikali kuchora ramani. Kusi yenyewe ilikuwa ni kufuli la Mwenyezi Mungu: kila mwaka ilifunga maji ya nje, na samaki wakapata kupumua. Zaidi ya hayo wazee nao walikuwa na kufuli lao. Katika pwani ya Wadigo palikuwa na mizimu baharini, mahali palipoheshimiwa na kutolewa sadaka, na mtu hakujiendea tu akatupa nyavu. Mvuvi mgeni alipotia nanga alikwenda kwanza kwa wazee wa bandari, akajieleza anatoka wapi na anavua kwa zana gani. Zana isiyopendwa ilikataliwa. Ni kweli kwamba wazee hao hawakupima samaki kwa mizani wala kuandika daftari. Lakini neno la kufunga bahari halikuwa geni masikioni mwa wavuvi, na hili msomaji alishike, kwa sababu litatufaa mbele.

Mwaka 1968 serikali ya Kenya ilitangaza mbuga za baharini za Malindi na Watamu, miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika. Mwaka 1973 ikafuata Kisite, upande wa Shimoni, na mwaka 1978 mipaka ya huko ikachorwa upya: Kisite, kilomita za mraba 28, ikawa mbuga, na Mpunguti, kilomita za mraba 11, ikawa hifadhi. Mwaka 1986 ikaja zamu ya Mombasa. Tofauti ya majina hayo ni kubwa. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua kabisa. Ndani ya hifadhi mvuvi wa kienyeji huruhusiwa kuvua kwa zana za asili. Watalii walikuja kwa wingi, mashua zenye sakafu ya kioo zikapita juu ya matumbawe, na hapana shaka nchi ilipata fedha za kigeni. Lakini ramani zilichorwa na watu waliokaa mezani. Wahenga walisema, mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni. Tatizo ni kwamba katika mambo haya anayepiga mbizi ni mmoja na anayechunuka uso ni mwingine.

Mfano ulio wazi ni Mombasa. Mbuga yake ilianza kulindwa kwa dhati mwanzoni mwa miaka ya 90, na mwaka 1996 wataalamu wakachapisha matokeo ya utafiti wao juu ya wavuvi wa jirani. Mbuga ilikuwa imechukua zaidi ya nusu ya maji waliyokuwa wakivua. Idadi ya wavuvi ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kila mvuvi aliyebaki alipata samaki mara mbili ya zamani, lakini samaki wote walioletwa pwani, kwa jumla, walipungua kwa kiasi cha theluthi. Malema yaliyotegwa karibu na mpaka wa mbuga yalijaa zaidi kuliko yale ya mbali.

Hesabu hizo zina nyuso mbili. Mwenye kupenda mbuga husoma kwamba samaki wameongezeka na kwamba wanavuka mpaka kwenda kwa wavuvi. Ni kweli. Mwenye kuchukia mbuga husoma kwamba zaidi ya nusu ya wavuvi hawapo tena. Hilo nalo ni kweli. Walikwenda wapi? Wengine bila shaka walihamia bandari nyingine, wakawabana wenzao. Wengine waliacha bahari. Mtu aliyeacha kazi haonekani katika hesabu ya pato la kila mvuvi, kwa kuwa yeye si mvuvi tena.

Kwa hiyo mwaka 1995, serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, wavuvi wa huko hawakuwa watoto wa jana. Walikuwa wamekwisha kuyasikia ya Mombasa na ya Kisite. Wakasimama pamoja wakakataa, na ukinzani wao ulikuwa mkali hata hifadhi hiyo ikabaki karatasini kwa miaka mingi. Mtu wa sheria angewashangaa. Ile ilikuwa hifadhi, si mbuga. Kwa maandishi yake wangeruhusiwa kuendelea na mitumbwi yao na malema yao. Lakini hofu yao haikuwa juu ya maandishi. Walihofia mkono ulioyaandika. Mtu asiyekuuliza leo anapoita mahali hifadhi, hatakuuliza kesho akipaita mbuga.

Je, walikuwa na haki? Nataka kuwa mwadilifu hapa, maana ni rahisi kumsifu mnyonge kwa sababu tu ni mnyonge. Maji ya ndani yalikuwa yamechoka. Watu walikuwa wameongezeka, juya zenye matundu madogo zilikuwa zikikokotwa juu ya matumbawe na majani ya bahari, na vitoto vya tafi na changu vikaishia sokoni kabla ya kuzaa. Kikande, ambaye hula wale viumbe weusi wa miba wanaochoma miguu, alivuliwa mno, na viumbe hao wakazidi na kuuguguna mwamba. Kuifukuza hifadhi hakukumrudisha hata samaki mmoja. Waliokataa mstari wa serikali walibakiwa na bahari iliyo huru, na isiyo na kitu.

Jirani zetu wa Tanzania walilionja jambo hilo kwa namna nyingine. Sheria yao ya hifadhi za bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilomita za mraba 822. Wenyeji wengi wa Mafia mwanzoni waliiunga mkono, kwa sababu walikuwa wamechoshwa na wageni waliokuja kuvua kwa baruti na kuyavunja matumbawe yao. Walitaka bahari ifungwe, waliomba ifungwe. Baadaye wengine walinung'unika, walipoona kwamba kufuli walilolitaka dhidi ya mwenye baruti linawafungia na wao.

Wala haya si mambo ya nchi maskini peke yake. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha mwaka 1999 sheria ya kutenga maeneo ya bahari. Ramani za kwanza, zilizochorwa na wataalamu bila ya wavuvi, zilizomewa katika mikutano ya mwaka 2001 na zikawekwa kando. Mwaka 2004 kazi ikaanza upya, safari hii wavuvi wakiwa mezani. Miongoni mwa waliojaa katika mikutano hiyo walikuwa wavuvi wa kayaki, yaani vile vimitumbwi vyembamba vya plastiki vinavyosukumwa kwa kafi. Wengi wao huvua kwa kupenda, si kwa njaa, na tofauti hiyo na watu wetu si ndogo. Lakini hoja yao mjomba wangu angeielewa bila mkalimani: mwenye mashine hukizunguka kipande kilichofungwa akaenda mbele, mwenye kafi, ukimfungia ufuko anaoshukia, umemfungia bahari yote. Huko kaskazini ya jimbo, wenyeji wa asili waliandamana mwaka 2010 katika mji wa Fort Bragg kudai haki ya kuvua na kuokota kama babu zao, na kanuni za mwaka 2012 zikaitambua. Mwishowe yalitengwa maeneo 124, karibu asilimia 16 ya maji ya jimbo. Si wote walioridhika, lakini mstari uliojadiliwa ulisimama pale ambapo mstari ulioletwa ulianguka.

Sasa turudi kwetu, maana kitendawili hiki kina jibu la nyumbani. Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo katika Kilifi, wavuvi wenyewe waliona kwamba samaki wao wanakwisha. Mwaka 2003 walianzisha chama, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha hekta 30 kisivuliwe kabisa. Walikiita tengefu. Watu wa pwani ile ile, wenye mitumbwi ile ile, wakafanya kwa hiari jambo ambalo wenzao wa Diani walilikataa miaka kumi nyuma. Samaki wakarudi, na bandari nyingine zikaiga, hata neno tengefu likaenea mwambao mzima. Mahali palipofungwa ni padogo, wala hapakumaliza maji ya ndani. Mtu wa mtumbwi alibakiwa na pa kwenda wakati wa kusi. Aliyekipima kipande kile alijua mkono unachoka wapi.

Hapo ndipo ninapoona fundisho la miaka hii yote. Wavuvi wetu hawakupata kukataa bahari isifungwe. Walikwisha kuizoea kufungwa na upepo na kufungwa na wazee. Walichokataa ni kufungiwa na mtu ambaye hata akikosea, si yeye atakayelala na njaa.

Hata hivyo nisimalize kana kwamba tengefu imekata kila neno. Wako kina mama ambao wakati wa bamvua, maji yakipwa mbali, hutembea juu ya mwamba na kijiti mkononi wakitafuta pweza na kombe. Hao hawana hata mtumbwi. Ikiwa bahari ya mjomba wangu ilikwisha pale mkono ulipochoka, ya kwao hukwisha pale maji yanapofika magotini, na kipande chochote kitakachofungwa karibu na pwani huwagusa wao kwanza. Katika baraza ngapi za bandari wameulizwa? Mvuvi aliyedai aulizwe na serikali naye ana mtu wa kumuuliza, na mara nyingi mtu huyo anaishi naye nyumba moja.