Mawakala wa safari mkoani Mtwara

Mawakala wa safari mkoani Mtwara ni kampuni na watu wanaopanga safari za wageni na wenyeji katika mkoa huo wa kusini-mashariki mwa Tanzania, unaopakana na Msumbiji. Baadhi yao huuza tiketi tu. Wengine hupanga safari nzima: usafiri, malazi, chakula na mwongozaji. Ni nadra wakala mmoja kuwa na ujuzi wa safari za kila aina, kwa hiyo msafiri huchagua wakala kulingana na anachotaka kufanya.

Leseni

Mawakala wa utalii nchini Tanzania walianza kupewa leseni kwa sheria ya mwaka 1969. Kifupi cha mamlaka iliyoundwa wakati huo, TALA, bado hutumiwa na wengi kama jina la leseni yenyewe. Siku hizi biashara hiyo inasimamiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Chama cha waendeshaji wa utalii, TATO, kilianzishwa mwaka 1983 na makao yake yako Arusha. Kampuni nyingi kubwa ziko kaskazini, karibu na Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Hivyo kampuni yenye sifa nzuri huko si lazima iijue pwani ya kusini.

Aina za safari

Bahari: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000. Ina eneo la kilomita za mraba 650 hivi, likiwemo eneo la nchi kavu lenye vijiji kama Msimbati. Ina matumbawe, mikoko na kasa, na nyangumi wenye nundu hupita pwani hiyo hasa kati ya Julai na Novemba. Kwa kuzamia au kwenda na mashua, wakala anayefaa ni yule anayefanya kazi na manahodha wa hapo hapo, wanaojua maji kupwa na kujaa, mikondo ya mdomo wa mto na pepo za kusi na kaskazi. Maboya ya kuokolea maisha yatoshe abiria wote.

Historia: Mikindani, mji wa kale karibu na Mtwara mjini, ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Boma la Wajerumani lililojengwa huko mwaka 1895 lilikarabatiwa na kuwa hoteli. Safari hiyo huweza kuunganishwa na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mkoani Lindi, ambazo ni Urithi wa Dunia tangu 1981.

Utamaduni: Wanaotaka kuona uchongaji na ngoma za Wamakonde huhitaji mwongozaji anayefahamiana na wanakijiji, ili ruhusa ya kupiga picha na malipo ya wasanii vikubaliwe mapema.

Wanyamapori: Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule liko kando ya Mto Ruvuma, mbali na pwani. Safari ya kutazama wanyama na ya uwindaji zina vibali tofauti.

Ibada: Hija na Umra hupangwa na taasisi maalumu zinazoshughulikia viza, ndege na makazi ya Makka na Madina. Wakala wa utalii wa kawaida hawezi kuchukua nafasi yao.

Usalama wa mpakani

Tangu Oktoba 2017 kumekuwa na mashambulizi ya kutumia silaha katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa pia. Wakala anayepanga safari ya kuvuka Ruvuma, kwa kivuko cha Kilambo au kwa Daraja la Umoja huko Mtambaswala, anatakiwa kupata taarifa mpya za Uhamiaji na za serikali ya mkoa kabla ya kuchukua malipo.

Kuchagua wakala

Kabla ya kulipa, msafiri huweza:
* kuomba kuona leseni ya mwaka husika na kuihakikisha wizarani;
* kuuliza nani hasa ataongoza safari, na chombo ni cha nani;
* kudai orodha ya gharama inayotenganisha ada za hifadhi na malipo ya wakala;
* kuafikiana kwa maandishi juu ya marejesho ya fedha iwapo bahari itachafuka;
* kuchukua stakabadhi.

Tazama pia
* Mkoa wa Mtwara
* Mikindani
* Mto Ruvuma