Mkataba wa Luanda (2002)

Makubaliano ya amani kati ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda, yaliyotiwa saini Luanda, Angola, tarehe 6 Septemba 2002 na marais Joseph Kabila na Yoweri Museveni, wakati wa Vita vya Pili vya Kongo. Uganda ilikubali kuondoa majeshi yake, na Tume ya Kutuliza Ituri, eneo la kaskazini-mashariki mwa Kongo, ikaketi katika mji wa Bunia Aprili 2003.

Kasoro kubwa ya mkataba ilikuwa pengo la ulinzi. Waganda waliondoka Mei 2003 kabla ya kikosi chenye nguvu kushika nafasi yao. Wanamgambo wa Kilendu na wa Kihema waliugombea mji wa Bunia. Mamia ya raia waliuawa, maelfu wakakimbilia penye askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa (MONUC) na uwanja wa ndege. Juni, Umoja wa Ulaya ulituma kikosi cha Artemis kikiongozwa na Ufaransa.

Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimfunga Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, kundi la wanamgambo wa Kihema wa Ituri, miaka 14 kwa kuwaingiza watoto vitani. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa madhara ya vita hivyo, huku Ituri ikiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 na wanamgambo wa CODECO wakiendelea kuua watu katika eneo lake la Djugu.