Risasi nzito ya .458 Lott: Nyati wa Msumbiji aliyebadili bunduki za uwindaji

Kaskazini mwa Cabo Delgado, kutoka visiwa vya Quirimbas hadi ukingo wa mto Ruvuma, tembo na nyati bado hutembea karibu na mashamba ya watu. Katika nchi kama hiyo, uzito wa risasi ni swali la kufa na kupona: kwa askari wa wanyamapori, kwa mwindaji mwenye kibali, na kwa mnyama mwenyewe. Mojawapo ya risasi zinazojulikana zaidi duniani kwa wanyama wakubwa, .458 Lott, ina asili yake katika tukio lililotokea Msumbiji mwaka 1959.

Kutoka gobore hadi magnamu

Kujaza risasi kwa mkono si jambo geni katika pwani hii. Wawindaji wa Kimakua wa karne ya 19, waliopeleka pembe za ndovu kwa wafanyabiashara wa pwani, walitumia magobore. Kila mlio ulitanguliwa na kazi ya mkono: baruti ilimiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa, kisha ikafuata risasi. Aliyezidisha baruti aliweza kupasukiwa na mtutu, na aliyepunguza alimkasirisha mnyama tu.

Bunduki za kisasa zilibadili chombo, lakini hazikubadili hesabu hiyo. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya .375 Magnum, ambayo hadi leo ni kipimo cha chini katika nchi nyingi za Afrika kwa uwindaji wa wanyama hatari. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ikaleta .458 Winchester Magnum, yenye kichwa cha gramu 32 hivi na kipenyo cha milimita 11.6. Lengo lilikuwa kumpa mwindaji nguvu za bunduki ghali za mitutu miwili za Uingereza kwa bei nafuu.

Tatizo la ganda fupi

Ili itoshe katika bunduki ya kawaida, risasi hiyo ilipewa ganda la milimita 63.5 tu. Kichwa kizito kilichukua sehemu kubwa ya nafasi, na baruti ikalazimika kushindiliwa kwa nguvu. Ilielezwa kuwa baruti iliyobanwa hivyo kwa muda mrefu iliweza kugandamana na kuungua bila usawa. Kasi iliyotangazwa ilikuwa takriban mita 650 kwa sekunde, lakini katika mitutu mifupi ya wawindaji mara nyingi ilikaribia mita 600 au kupungua hapo.

Mwaka 1959 mwindaji Mmarekani Jack Lott alishambuliwa na nyati nchini Msumbiji alipokuwa akitumia risasi ya aina hiyo, akajeruhiwa vibaya. Alinusurika akiwa na azma ya kutafuta risasi yenye nguvu zaidi. Jibu lake, lililokamilika mwaka 1971, lilikuwa rahisi: alichukua ganda refu la .375 la Holland & Holland, lenye milimita 72 hivi, akalipanua likapokea kichwa cha .458. Nafasi iliyoongezeka iliipa baruti mahali pa kukaa bila kubanwa mno, na kichwa cha gramu 32 kikafikia kasi ya takriban mita 700 kwa sekunde. Kutoka mita 600 hadi 700, nguvu ya risasi huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Tena, bunduki ya Lott huweza kufyatua pia risasi fupi ya Winchester pale ambapo ile ndefu haipatikani.

Kwa nini ilijazwa kwa mkono

Kwa miaka mingi wenye bunduki hizo walitegemea zaidi kujaza wenyewe, hadi mwaka 2002 kampuni ya Hornady ya Marekani ilipoanza kuziuza zikiwa tayari. Mjazaji husafisha ganda lililokwisha kutumika, hulirudisha katika umbo lake, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hukaza kichwa mdomoni mwa ganda. Hatua ya mwisho si ndogo: teke la bunduki hizi ni kali kiasi cha kuweza kusukuma ndani vichwa vya risasi zilizobaki katika chemba ya akiba. Kichwa kilichozama hupunguza nafasi ya baruti, na shinikizo hupanda.

Vichwa vya shaba tupu, vinavyosifiwa kwa kupenya mfupa bila kuvunjika, ni virefu kuliko vya risasi vya uzito uleule. Navyo hula nafasi. Joto nalo lina sehemu yake. Kipimo kilichojaribiwa katika nchi ya baridi kinaweza kuleta shinikizo kubwa zaidi chini ya jua la pwani, na ganda likanasa ndani ya bunduki huku nyati akija. Ndiyo maana wajazaji makini hufuata majedwali ya watengenezaji wa baruti na hawakisii.

Silaha moja, mikono miwili

Nguvu inayomlinda askari wa hifadhi ndiyo hiyohiyo inayotafutwa na jangili. Katika Hifadhi ya Niassa, yenye kilomita za mraba 42,000 na inayoingia hadi mkoa wa Cabo Delgado, majangili wa tembo walitumia bunduki za kuwindia za .375 na .458 pamoja na silaha za kivita. Sensa za angani zilionyesha kuwa tembo wa Msumbiji walipungua kutoka zaidi ya 20,000 hadi takriban 10,300 katika miaka mitano iliyoishia 2014, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikuwa kaskazini. Sheria ya mwaka 2017 iliongeza adhabu za ujangili, na kufikia Mei 2019 Niassa ilikuwa imetimiza mwaka mmoja bila tembo kujulikana kuuawa na majangili.

Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia, baruti na risasi katika mkoa huu zimekuwa pia suala la usalama wa raia. Mkulima ambaye tembo wamelala katika muhogo wake hana .458 Lott, wala hawezi kuimudu. Humtegemea aliyepewa bunduki kwa sheria, na anayejua kilichomo ndani ya ganda kabla ya kuvuta kifyatuo.