Watoto Wasiojulikana Ukoo

Katika miaka ya 1840, Christian Gottfried Ehrenberg, mwanachuoni wa Berlin, alichungulia kwa hadubini udongo wa kale wa baharini, akakuta vigamba vya silika vyenye pembe na miiba. Akavipa majina: Dicladia, Syndendrium, Xanthiopyxis. Kumbe vilikuwa spora za daiatomu, mwani wa chembe moja. Virutubisho vikiadimika majini, daiatomu za jenasi ya Chaetoceros, ambayo yeye mwenyewe aliipa jina, hujifungia ndani ya gamba nene, huzama na kulala. Gamba la mzazi ni jembamba, huyeyuka. La spora hubaki. Ndivyo watoto walivyosajiliwa pasi na wazazi.

Kwa muda mrefu waliotafuta umri wa mashapo walizihesabu spora hizi kwa jumla, kana kwamba zote ni mamoja. Ilikuwa hasara, maana penye maji ya rutuba ya pwani ndizo hujaa. Katika miaka ya 2000 Mjapani Itsuki Suto alizichambua moja moja, kwa miiba yake na umbo la kila upande. Katika mashapo ya Bahari ya Norway, yaliyochimbwa na meli Glomar Challenger mwaka 1974, aliona aina zake zikiongezeka kwa kishindo karibu na mpaka wa Eosini na Oligosini, yapata miaka milioni 34 iliyopita. Spishi inapozuka na inapotoweka, hapo ndipo umri wa tabaka husomwa. Jina Dicladia hakulifuta; mwaka 2003 alilitumia kupimia matabaka ya Miosini.